Kampuni inataka kutupimia ekari 400 kijijini, ichukue asilimia 40 ya viwanja. Tusaini?

MpandaAlizeti

Wakuu, habari za jioni. Nahitaji akili za watu kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kijijini nimechaguliwa katibu wa kamati ya suala hili kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kijiji sikitaji. Kipo Wilaya ya Chamwino, nje kidogo ya mpaka wa Jiji la Dodoma, kando ya barabara ya Morogoro. Bodaboda kutoka Mtumba kwenye Mji wa Serikali anakudai elfu tano akikuona mgeni, elfu tatu akikujua. Zamani mtu wa Dodoma mjini ukimwambia unatoka kwetu anakupa pole. Siku hizi anakuuliza kama kuna shamba linauzwa.

Wiki tatu zilizopita ilikuja kampuni ya upimaji na magari mawili, kreti za soda na fulana. Wakabandika ramani ya rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Ramani ina hospitali, stendi, chuo, na bustani yenye bwawa (bwawa! sisi tunaoamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo kisimani). Kando ya lami wamepaka nyekundu, maana yake biashara. Mpango wao ni huu: wenye mashamba tuunganishe ekari 400, wao wachore na kupima kwa gharama zao, sisi tusitoe hata shilingi, mwisho wao wachukue asilimia 40 ya viwanja na sisi 60. Yule kijana wao akasema, "Mtaamka mko mjini bila kuhama." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Makofi yalipoisha, bibi mmoja aliyekaa chini ya mwarobaini akauliza kwa Kigogo: huo mji mkubwa wake nani? Nikamtafsiria yule kijana. Akacheka, akasema hilo litajulikana mbele ya safari.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Mkataba una kurasa 11, wote Kiingereza. Nimekuwa nikiutafsiri usiku kwa taa ya sola. Barabara zimetajwa mara moja tu, kwamba kampuni "itafungua" barabara. Maji hayamo. Umeme haumo. Shule ipo kwenye ramani, lakini kwenye mkataba haimo. Na lile shamba la baba yangu lenye mbuyu, alilogawiwa miaka ya Operesheni Vijiji na ndimo tulimomzika, limo ndani ya nyekundu.

Je, 60 kwa 40 ni haki? Barabara na maji nani analipa? Na swali la bibi, nani hapa ana jibu lake?

Dalali wa Ihumwa

Mwalimu, saini. Nakwambia kama mtu anayekula kwa kazi hii. Mkikataa, hamtabaki kijiji. Mtauza ekari moja moja, huyu kwa mtu wa Dar, yule kwa mtumishi wa wizara, kila mmoja atajenga anapotaka na kuacha njia ya kupita pikipiki. Miaka kumi baadaye mtaletewa urasimishaji, yaani kupimiwa makazi mkiwa mmeshajenga, na kuambiwa vunjeni kuta barabara ipite. Nimeona mahali gari la zimamoto lilisimama mita mia mbili kutoka nyumba inayoungua, halina pa kuingilia. Bora kampuni yenye mchoro kuliko mimi na kalamu yangu.

Halafu msilale. Barabara ya mzunguko ile ya kilomita 112.3 inapita Veyula, Mtumba, Ihumwa mpaka Matumbulu na kuzungukia Nala. Bei ya leo siyo ya mwakani.

Fito na Mnyororo

Dalali amesema kweli nusu, na nusu hiyo msiitupe. Kukaa kimya nako ni kupanga mji, ila mji mbaya.

Mimi ni mzee wa Dodoma. Nilianza kibarua cha kubeba fito za wapima nikiwa na miaka 19, mwishoni mwa miaka ya sabini, baadaye nikajifunza kuchora. Ramani kubwa ya Makao Makuu ya mwaka 1976 ilichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, na sisi vijana tulikuwa tunatembea porini tukitafuta pa kuchimbia kile kilichochorwa. Kwa hiyo nimeona mji ukiwa karatasi, nikauona ukiwa vigingi, na sasa nauona ukiwa foleni pale Nanenane. Jambo moja nimelishika: bikoni, kile kigingi cha mpaka wa kiwanja, siyo mji. Kuna mahali tulipima vizuri mno, mstari kama umekatwa kwa wembe, halafu bomba halikuja. Miaka mitatu baadaye tuliporudi, bikoni moja ilikuwa imefungiwa mbuzi. Nyingine zilikuwa zimeng'olewa, chuma kimeuzwa. Kwingine bomba na kifusi vilitangulia hata kabla ya sisi kumaliza hesabu, na huko watu walijenga wakafuata mstari bila kusukumwa na askari. Mtu anafuata maji, hafuati ramani.

Sasa hesabu, mwalimu, maana utaisimamia mbele ya watu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ekari 400 ni kama 1,618,800. Mchoro wa haki utakula karibu asilimia 35 kwa barabara, shule, soko, makaburi na maeneo ya wazi. Zinabaki kama 1,052,000. Ukikata viwanja vya mita za mraba 600, unapata viwanja 1,750 hivi. Kampuni inachukua 700, nyinyi 1,050. Mwenye ekari tatu anarudi na viwanja visivyozidi vinane. Siyo vibaya kwa macho. Kama kiwanja kimoja kinauzwa bei ya ekari ya zamani, mtu anaona ametajirika.

Ila angalia upande ambao hamjauangalia. Barabara peke yake zikichukua asilimia 20 ya eneo, kwa upana wa mita 12, ni kilomita 27 za barabara. "Kufungua" kwa lugha ya mkandarasi ni greda kupita mara moja. Kwa mvua zetu za Januari, njia ya greda bila mfereji ni korongo lenye jina la mtaa. Nani atarudi kuziba? Kampuni itakuwa imeshauza viwanja 700 na kuhama. Nyinyi mtabaki na kilomita 27.

Kwa hiyo swali la 60 kwa 40 ni dogo kuliko linavyoonekana. Mngeweza kupata 70 kwa 30 na bado mkapoteza. La kuuliza ni hili: ile thamani inayoruka siku shamba la uwele linapoitwa kiwanja, inakwenda wapi? Kama yote inagawanywa mifukoni, yenu na ya kampuni, hakuna shilingi iliyobaki ya kuufanya mji uwe mji. Nitarudi, natumia simu na macho hayapendi.

Mtu wa Kibada

Nipo Dar ila ninafuatilia. Mwalimu, weka muda. Mji mpya wa Kigamboni ulitangazwa 2008, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mpango. Mpango ukabadilishwa, ukabadilishwa tena, wakala uliokuwa ukiusimamia ukaja kuvunjwa. Miaka inapita na mtu hawezi kuezeka chumba cha mtoto. Mkataba wenu useme: msipomaliza mwezi fulani, kila mtu anarudi shambani kwake na mchoro unabaki wetu. Bila hivyo mtalima alizeti mkiogopa.

Na huku huku Dar kuna mfano wa upande wa pili. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 uliendeshwa kwa mkopo wa Serikali wa shilingi bilioni 8.9 hivi, viwanja vikauzwa, mkopo ukarudi. Ulipita huku Kibada, Toangoma, Buyuni, Bunju. Mitaa imenyooka mpaka leo. Lakini waliohamia mwanzo watakusimulia habari ya maji ya maboza. Mzee wa fito yuko sahihi: pesa zilirudi, bomba lilichelewa.

MpandaAlizeti

Shikamoo mzee Fito. Hesabu yako nimeiandika kwenye bango la manila, watoto wa darasa la sita wamenisaidia kuikagua na wamepata jibu hilo hilo. Mmoja akauliza kwa nini hatuhesabu na kiwanja cha mpira. Kwenye ramani ya kampuni kweli hakipo.

Dalali, nimekuelewa pia. Jana tu jirani kauza ekari mbili kwa mtu aliyekuja na suti.

Kuna anayejua sheria inasemaje?

Wakili Mkavu

Nitasema kwa kifupi, sitoi ushauri wa bure zaidi ya hapa.

Ardhi yenu kwa sasa ni ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji inaisimamia, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Kamati yako, mwalimu, haiwezi kusaini chochote kwa niaba ya watu, hata kama mwandiko unasomeka. Kupata viwanja vya mjini vyenye hati ya miaka mingi, eneo lazima litangazwe eneo la mpango chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, na mamlaka ya kupanga kwa upande wenu ni halmashauri ya wilaya, siyo kampuni. Kampuni ni fundi tu. Hakikisheni wapangaji wake na wapima wake wamesajiliwa kwenye bodi zao, na kwamba halmashauri imeandikwa kwenye mkataba kama mhusika. Kama haimo, mnachora hewani.

Sasa bibi yenu. Huyo bibi ana akili kuliko mkataba mzima. Kijiji kikikua kikapandishwa kuwa mamlaka ya mji mdogo, serikali ya kijiji inaondoka, vitongoji vinabaki. Ule mkutano mkuu wa kijiji, ambapo mtu yeyote mzima anasimama chini ya mwarobaini na kupinga kugawiwa kwa ardhi, unaondoka nao. Na mamlaka ya mji mdogo bado iko chini ya halmashauri ya wilaya, siyo manispaa inayojitegemea. Kwa hiyo kuna miaka, inaweza kuwa mingi, mtakuwa mmeacha kuwa kijiji na hamjawa mji. Katika miaka hiyo ndipo viwanja vya wazi hupata wamiliki. Chochote mnachotaka kilindwe, kilindeni sasa, mkutano mkuu ukiwa bado hai.

Nyongeza: mkataba utafsiriwe Kiswahili na nakala ya Kiswahili isainiwe. Mkulima hasaini asichokisoma.

Kibaigwa Magunia

Salaam kutoka Kibaigwa, mji mdogo wa kweli, vumbi la mahindi mpaka kwenye chai. Wakili amesema sahihi kuhusu muundo. Mimi naongeza moja tu. Hapa kwetu mji haukuletwa na viwanja. Uliletwa na soko la nafaka. Fuso kutoka Kiteto zinashusha, matrela ya Dar yanapakia, katikati yake kuna mama lishe, fundi gereji, gesti, duka la magunia, kinyozi. Viwanja vilifuata. Nyie mji wenu unakula nini? Kama jibu ni "watumishi wa Mtumba watakuja kulala," basi mnajenga bweni, na bweni halina ushuru. Nani atalipa mfagiaji wa soko lisilo na wauzaji? Fikirieni ghala la alizeti, kinu cha kukamua mafuta, mahali malori yanaweza kugeuza. Ile nyekundu kando ya lami ndiyo roho yenu. Kampuni imeichukua kwenye fungu la nani?

MpandaAlizeti

Nimekwenda kuangalia. Kiambatisho cha mwisho kabisa, ukurasa wa 10: viwanja vya biashara kampuni "itachagua kwanza".

Dalali wa Ihumwa

Aisee. Hapo mwalimu hata mimi nasema simama. Hao ni wenzangu kazini lakini hapo wamezidi.

Fito na Mnyororo

Marahaba mwanangu. Nilijua nyekundu itakuwa na jambo. Sasa niseme lililobaki, ni refu kidogo.

Mwaka 1973 nchi ilipoamua kuhamia Dodoma, iliundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Ilikusudiwa kuhama ndani ya miaka kumi. Mafuta yakapanda bei, vita vya Kagera vikaja, fedha zikakauka, na tulisubiri mpaka 2016 ndipo Serikali ilipoondoka Dar kwa kishindo. Watu husema mji ulichelewa kwa sababu ya ramani. Hapana, ramani ilikuwepo. Kilichokosekana ni fedha zinazotiririka kila mwaka bila kungoja bajeti ya huruma.

Lakini kuna la utawala pia, na hili mwalimu lishike. Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa na vichwa viwili. CDA ilikuwa na ardhi: inapanga, inapima, inamilikisha, tena kwa mikataba ya miaka 33 wakati Mtanzania wa mji mwingine anapata 99. Manispaa ilikuwa na watu: madiwani, kura, takataka, zahanati. Mwenye ardhi hapigiwi kura, na anayepigiwa kura hana ardhi. Mwananchi akiwa na shida anatumwa huku, anarudishwa kule. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, shughuli zake zikaenda Manispaa, na mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili, Dodoma ikatangazwa jiji. Wapo waliofurahi, wapo waliosikitika kwamba na nidhamu ya ramani imevunjwa pamoja nayo. Mimi nilikuwa pande zote mbili kwa siku tofauti. Nachokwambia ni kwamba chombo cha kujenga mji ni kizuri mradi kizaliwe kikijua siku yake ya kufa, na kijulikane kitamrithisha nani.

Mjukuu wangu yuko Chuo cha Mipango, ananiletea habari za Waingereza. Kuna mji wao unaitwa Milton Keynes, waliuanza 1967 kwenye mashamba, vijiji na miji midogo. Waliunda shirika moja, likanunua mashamba kwa bei ya mashamba, siyo kwa bei ya mji utakaokuja. Serikali ikalikopesha kwa muda mrefu. Shirika likatangulia na barabara, mabomba na miti, likauza na kupangisha kidogo kidogo bei ikiwa imepanda, na pesa ya kupanda huko ikarudi kwenye mji. Sehemu ya kununua bei ya shamba msiipende haraka, maana mwenye shamba hapa ni nyinyi. Sheria yetu ya ardhi inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini faida ya mji kutorudi kwa mji, hiyo msiikubali.

Shirika hilo lilivunjwa 1992. Maduka na viwanja vya maana vya miji ile mipya mingi viliuzwa, fedha zikaenda hazina kuu, halmashauri zikaachiwa vitu vinavyokula bila kuzaa: vivuko, majani ya kufyeka, majengo ya jumuiya yanayovuja. Ila wa Milton Keynes walifanya ujanja mmoja. Bustani zao kubwa walizikabidhi kwa bodi ya wadhamini, na pamoja na bustani wakaipa majengo ya kupangisha. Kodi ya pango ya hayo majengo inafyeka bustani mpaka leo. Hawaombi mtu.

Mwanangu, hicho ndicho nyekundu ifanye. Msiiuze. Si kampuni, si nyinyi. Toeni viwanja, tuseme 40 kando ya lami, muandikishe bodi ya wadhamini ya wananchi kule RITA, wakala wa Serikali unaosajili wadhamini, kabla kijiji hakijageuka mji mdogo, viwe mali ya bodi, vipangishwe kwa miaka, visiuzwe kamwe. Kodi yake izibe makorongo, ilipe mlinzi wa kisima. Wajumbe wachaguliwe na vitongoji, wasikae zaidi ya vipindi viwili, na kampuni isiwe na kiti. Kijiji kikifa, bodi inabaki. Hapo bibi atakuwa amepata mkubwa wa kumwuliza, angalau wa hivyo viwanja.

Na maji. Kila kiwanja kinachouzwa, cha kampuni na cha mkulima, kitoe shilingi 500,000 kwenye akaunti moja ya miundombinu kabla ya muuzaji kugusa hela yake. Viwanja 1,750 vinatoa kama milioni 875. Haitoshi mji mzima. Inatosha kuanza kisima kirefu, tenki, bomba kuu na changarawe kwenye njia kuu mbili, na inampa mkurugenzi wa halmashauri sababu ya kuwatetea kwenye bajeti kwa kuwa mmekuja na mkono mmoja umejaa. Pimeni kwanza ekari 100 za karibu na lami, zikae sawa, ndipo mguse nyingine. Kabla ya kisima, pimeni chumvi ya maji, nchi yetu hii mnaijua.

Wakili Mkavu

Mzee, bodi ya wadhamini inawezekana, lakini ardhi iingie kwenye bodi kwa uamuzi wa mkutano mkuu wenye muhtasari, majina na sahihi, na halmashauri ya wilaya ijue. Vinginevyo siku moja mtu ataitwa kueleza kwa nini eneo la umma lina wadhamini. Akaunti nayo iwe na watia sahihi watatu, mmoja kutoka halmashauri.

Mtu wa Kibada

Kwa maji pia msidhani lazima fedha zote zitoke kwenye viwanja. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani, yaani hati za kukopa kwa umma, ya shilingi bilioni 53.12, watu na mifuko ya uwekezaji wakanunua, italipwa kwa mapato ya maji. Kijiji hakiwezi kufanya hivyo, najua. Nasema tu kwamba bomba linaweza kukopewa kwa sababu bili ipo. Ongeeni na mamlaka ya maji ya upande wenu mapema, mchoro ukiwa penseli.

Kibaigwa Magunia

Viwanja 40 vya kupangisha navikubali, ila kwenye hivyo acheni uwanja wa malori. Lori halipaki kwenye fremu ya duka.

MpandaAlizeti

Wakuu, narudi na habari za Jumamosi.

Mkutano ulianza saa nne badala ya saa mbili, kama kawaida yetu. Walikuja watu kuliko siku ya soda. Niliubandika ule mkataba nilioutafsiri, kurasa 11 zimekuwa 14 kwa Kiswahili, na bango la hesabu pembeni. Nilisoma kipengele cha "itachagua kwanza" mara mbili. Mara ya pili mtu akaomba nirudie, kwa hiyo nikakisoma ya tatu.

Kijana wa kampuni alikuwa na mkubwa wake safari hii. Niliuliza habari ya barabara, akasema barabara baada ya kufunguliwa ni jukumu la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Nikauliza kama TARURA wanajua wanakuja kurithi kilomita 27, akamwangalia mkubwa wake. Maji, akasema ni jukumu la mamlaka ya maji. Shule, ni jukumu la halmashauri. Mzee mmoja akauliza, sasa nyie jukumu lenu ni lipi? Watu wakacheka, lakini sidhani kama mzee alikuwa anatania.

Kwa haki yao, mkubwa wake hakukasirika. Alisema kampuni inakopa benki kulipa wapima na haiwezi kukaa na viwanja vya ndani peke yake, itafilisika. Nilimwamini. Tukavutana mpaka saa nane. Walipoondoka walikuwa wamekubali kwa mdomo ekari 100 kwanza, muda wa miezi 18, na mkataba wa Kiswahili. Laki tano kwa kila kiwanja walisema watajadili, wao wanaona laki mbili. Nyekundu wanataka angalau viwanja kumi. Mkutano ulisema sifuri. Mimi moyoni naona tutaishia vitano, ila sijasema. Dalali wa Ihumwa, kama ungekuwepo, nadhani ungewashauri wachukue vitano wakimbie.

Kuhusu bodi, watu hawakuielewa haraka. Walidhani ni saccos nyingine, na tuliyokuwa nayo hapa kijijini ilituachia kidonda. Ikabidi niwaeleze kwa mfano wa ng'ombe wa ukoo: anakamuliwa, hachinjwi. Hapo vichwa vikaanza kutikisika.

Mbuyu umeondolewa kwenye nyekundu. Wameupaka kijani kwa kalamu ya kawaida, papo hapo, mbele yetu. Kiwanja cha mpira kimewekwa karibu nao.

Bibi aliuliza tena swali lake. Nikamwambia, tunatengeneza. Akasema basi aandikwe jina kwenye hiyo bodi, maana yeye hana pa kwenda.

Mkutano mwingine ni Jumamosi ya wiki ijayo, afisa mipango miji wa wilaya ameahidi kuja. Mzee Fito, kama afya inaruhusu, panda gari pale Nanenane uwaambie wakushushe kwenye mbuyu mkubwa kushoto. Nauli nitakurudishia, na kuku yupo. Njoo na macho yako hayo hayo mabovu, nataka wakuone ukiishika ile ramani.

Fito na Mnyororo

Kushoto nikitokea Dodoma au nikitokea Morogoro?

MpandaAlizeti

Ukitokea Dodoma, mzee. Saa mbili, ila njoo saa nne.